Mwenyeji Asiyeulizwa

Wahenga wa pwani hawakumpa mbwa cheo kikubwa katika methali zao. Walituonya kwamba ukimzoea mbwa atakufuata msikitini, na aliyetaka kumvunjia mwenziwe heshima hakuhitaji tusi refu zaidi ya hilo jina moja. Katika methali ninazozikumbuka, moja tu inamtaja kwa upole: mbwa hafi maji akiona ufuko. Nami naishi Ufukoni, hapa Mtwara, na kwa muda wa miezi mitatu nyumba yangu ilikuwa na mbwa wawili, mmoja wangu na mmoja wa amana. Yaliyopita katika miezi hiyo ni madogo, na huenda yupo atakayeona hayastahili kurasa hizi. Lakini yalinifunza juu ya ukarimu jambo ambalo nimelitungia mashairi kwa miaka thelathini pasi na kulijua.

Najua swali la kwanza la msomaji, hasa wa visiwani: Muislamu na mbwa, wapi na wapi? Ni swali la haki. Wengi wetu katika mwambao huu tunafuata madhehebu ya Shafii, ambayo yanamhesabu mbwa kuwa najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Imamu Malik alikuwa na rai nyingine, lakini mimi si mtu wa kuhama rai kwa kutafuta wepesi. Nilishika ruhusa iliyopo, nayo ni ya mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Nyuma ya nyumba yangu pana kiunga cha mihogo na mikorosho, na ngedere hawana adabu, wala wezi wa korosho hawana. Mbwa wangu aliingia kwa mlango huo.

Palikuwa na jambo jingine pia. Katika Sura ya Pango imesimuliwa habari ya vijana waliokimbia dhuluma wakalazwa usingizi wa miaka, na mbwa wao kanyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Watu wanapobishana juu ya idadi ya vijana hao, kila hesabu inayotajwa imemtia na mbwa. Nilidhani adabu yote ya kuishi na mnyama huyu imo humo: akae kizingitini, wala asisahauliwe katika hesabu. Nusu ya kwanza ya adabu hiyo niliishika vyema. Habari hii ni ya nusu ya pili.

Mbwa wangu aliitwa Watasema. Ni desturi ya huku kwetu mtu kumpa mbwa jina ambalo ni ujumbe kwa majirani, nami nilijua kwamba watasema, na kweli walisema. Wakati wa mambo haya alikuwa na umri wa miaka kumi, mwekundu kama udongo wa Makonde, mzito wa kwenda lakini mwepesi wa kusikia. Mahali pake palikuwa chini ya baraza ya nje, upande wa mashariki, ambapo jua la asubuhi humfikia mtu mzima kabla halijawa kali. Chakula chake kilikuwa ugali na vichwa vya samaki katika bakuli la bati, baada ya sala ya Isha. Miaka kumi hakuna siku iliyobadilika.

Rafiki yangu ni fundi wa mashua wa Mikindani. Tumejuana tangu ujana, na hakuna shairi langu ambalo halikusomwa kwanza kwa sauti yake, juu ya lundo la mbao, kabla ya kupelekwa popote. Mbwa wake, Kusi, alimpata akiwa kitoto kilichotupwa katika kijiji kimoja cha maingilio ya mto Ruvuma, alikokwenda kutengeneza chombo cha mtu wakati upepo wa kusi unavuma, na ndiyo asili ya jina. Alimlea chini ya mashua zilizopinduliwa, akawa mlinzi wa tezo na misumeno. Kisha fundi akaugua figo, akatakiwa kwenda Dar es Salaam kwa matibabu. Akaja kwangu jioni moja na Kusi kafungwa kamba.

"Malenga," akaniambia, "nakuachia amana. Siku kumi tu."

"Hata mwaka," nikamjibu.

Mimi hupata riziki yangu kwa maneno, nayapima kama wengine wapimavyo karafuu. Amana, amani na imani ni maneno ya shina moja la Kiarabu. Anayepewa amana amesadikiwa, na anayeweka amana ametafuta amani ya moyo. Neno mgeni ni letu wenyewe, nalo kwetu lina sura mbili: ni yule tuliyemkaribisha, na ni yule tusiyemjua. Lugha nyingine zimetenga maneno mawili kwa watu hao wawili. Kiswahili kimewaweka katika neno moja, na mimi nimelisifia jambo hilo mara nyingi barazani kama dalili ya ukarimu wa wazee wetu. Neno mwenyeji sikuwa nimelitazama vizuri. Asili yake ni mwenye mji. Nilidhani katika mji wangu mwenyeji ni mmoja.

Jambo moja nililifanya sawasawa. Kabla ya Kusi kuvuka kizingiti niliomba kuiona kadi yake ya chanjo, na uso ukanishuka kwa haya. Fundi akacheka: "Hata mimi hunisadiki?" Akaitoa mfukoni. Ndugu zetu wa Pemba wataelewa kwa nini niliuliza. Katika kisiwa chao kichaa cha mbwa kilikomeshwa kufikia Mei 2014, baada ya miaka ya kuchanja mbwa kisiwa kizima. Chanjo ikaregea, na mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa ukaingia tena mara mbili kutoka nje ya kisiwa, ukasambaa, hadi ulipokomeshwa tena Oktoba 2018 kwa kurudi kwenye chanjo ile ile. Huku kwetu nako, Mtwara na Lindi zilikuwa miongoni mwa mikoa ya kusini-mashariki iliyoingizwa katika mradi wa Shirika la Afya Duniani wa chanjo hiyo tangu mwaka 2010. Mbwa aliyeambukizwa anaweza kukaa wiki nyingi akionekana mzima, na mtu aliyekwisha kuonyesha dalili ni nadra mno kupona. Kinga yake ni kuosha jeraha papo hapo kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha kuwahi hospitali kuchanjwa. Kumuuliza mgeni anachokuja nacho si uchoyo. Ni kuwakumbuka walio ndani.

Waama, hapo ndipo nilipowakumbuka walio ndani kwa mara ya mwisho.

Nilimwingiza Kusi kwa kamba, moja kwa moja, mbele ya Watasema aliyekuwa kalala mahali pake. Watasema akasimama, akanguruma. Nikamtwanga kwa ufito, nikamwambia kama mtu amwambiavyo mwanawe: "Una mgeni, huna haya?" Usiku ule chakula nilimpa Kusi kwanza, kwa kuwa mgeni hutangulizwa, na vichwa vya samaki vilivyonona vikawa vyake. Kwa kuwa alikuwa akilia akimtafuta bwana wake, nikamtandikia gunia chini ya baraza, upande wa mashariki. Siku ya kumi ilipita. Fundi akatuma salamu kwamba madaktari bado wanamtaka. Ukaingia mwezi wa pili.

Watasema hakugombana tena. Alihama. Kwanza alilala karibu na kisima, kisha penye rundo la makuti, mwishowe chini ya mkorosho wa mpakani, ambao ndio wa mwisho katika kiunga changu. Alikuja kula wakati wote tumekwisha lala, na asubuhi nikakuta bakuli limelambwa kidogo na kunguru wanamalizia. Mbavu zake zikaanza kuhesabika. Usiku akaacha kubweka, na ngedere wakaing'oa mihogo matuta mawili. Mimi nikasema: uzee umemwingia. Ni maneno mepesi. Tunayasema juu ya watu pia.

Majirani nao walikuja, kwa adabu. Mzee mmoja ambaye huongozana nami kwenda sala ya alfajiri akaniambia: "Sheikh, mmoja tulimzoea. Wawili njiani, nguo zetu zina shaka." Nikamsomea maneno matamu juu ya haki ya amana. Akanyamaza, akaanza kupita njia ya mbali.

Kisha usiku mmoja wakapigana. Kusi aliufuata mkorosho, na mzee wa watu hakuwa tena na pa kuhamia. Nilipofika na taa, sikio la Watasema lilikuwa limechanika, na Kusi ana mkwaruzo mguuni. Nikamchukua Kusi, nikaketi ukumbi wa nje, nikaanza kumsafisha mguu. Mke wangu alikuwa kasimama mlangoni.

"Bwana," akasema, "yule mwingine ndiye anayetoka damu."

"Huyu ni amana ya mtu," nikamjibu.

"Na yule hakuulizwa," akasema. Akakaa kimya kidogo, kisha akaongeza bila kuinua sauti: "Nami sikuulizwa. Miaka thelathini na moja wageni wako wanakusifu kwa ukarimu. Mimi nazijua safari za kisimani."

Akaingia ndani. Nami nikabaki na beseni la maji.

Hebu tuyatazame maneno hayo, maana yanazidi habari ya mbwa. Vijiji vya kando ya Ruvuma vimepokea wageni wengi. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, watu walivuka mto kwa mitumbwi na kwa miguu penye maji haba, wakapokewa upande huu, na upokezi ule ni katika heshima kubwa za watu wa kusini. Sitoi mfano wa mtu kwa mbwa, Mungu aniepushe. Nasema tu kwamba marehemu mama yangu alipokuwa akitusimulia, hakuanza na heshima. Alianza na chungu. Alituambia jinsi chungu cha watu sita kilivyogawanywa kwa watu kumi na mmoja, na nani aliyekula ukoko. Baba yangu aliwakaribisha, na jina la karimu likawa lake. Mama aliwapisha, na watoto wakubwa waliwapisha, na hakuna aliyejuta. Lakini hakuna pia aliyewahi kuwaambia ahsante, kwa sababu hakuna aliyedhani kwamba wametoa kitu.

Hapa ndipo ulipo moyo wa jambo. Ukarimu tunaousifu katika tenzi na hotuba aghalabu ni ukarimu wa anayefungua mlango. Mlango ukishafunguliwa, nafasi hutoka mahali fulani, na maji, na usingizi, na samaki aliyenona. Vitu hivyo vilikuwa vya mtu. Basi nilijiuliza usiku ule: katika wiki saba za kumkirimu Kusi, mimi nimetoa nini? Kitanda changu ni kile kile. Mlo wangu ni ule ule. Saa zangu za kuandika hazikupungua hata moja. Mahali palitolewa na Watasema, kazi ilitolewa na mke wangu, na wasiwasi wa nguo safi waliubeba majirani. Mimi nilitoa idhini, basi.

Atakuwapo wa kupinga, na hoja yake ina nguvu. Atasema mgeni ni dhaifu kuliko mwenyeji. Mwenyeji ana kwake, mgeni hana, kwa hiyo ni haki mwenyeji abanwe kidogo. Atasema pia kwamba mnyama haulizwi, kwa kuwa hajibu. La kwanza nalikubali, ila kwa sharti kwamba anayebanwa awe ndiye aliyekaribisha. Nikikupa changu, hiyo ni hisani. Nikikupa cha mwenzangu bila ya yeye kujua, mimi ni mgawaji wa mali isiyo yangu, hata kama mkono wako ulikuwa mtupu na uso wangu ulikuwa mkunjufu. Na la pili nalijibu kwamba Watasema alijibu. Alijibu kwa kunguruma, nikampiga. Akajibu kwa kuhama, nikasema amezeeka. Akajibu kwa kuacha chakula, nikawafukuza kunguru. Mwenye kuuliza hutazama, na mimi sikutazama.

Tena wanavyuoni wetu walikwisha lifikiria. Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, mmoja wa wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafii, aliyefariki Cairo mwaka 1262, aliziorodhesha haki za mnyama juu ya mtu anayemmiliki. Miongoni mwazo ni kumpa matumizi yanayomfaa hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutokuwa na manufaa tena, kutomtwisha asichokiweza, na kutomweka pamoja na kitu cha kumdhuru, kiwe cha jinsi yake au cha jinsi nyingine. Nililifahamu orodha lile tangu ujana na niliwahi kulifasiri kwa ajili ya darsa. Karne nane kabla ya Kusi kuletwa kwangu, hukumu yangu ilikuwa imekwisha andikwa, nami nilikuwa nimeipitia nikisahihisha vituo.

Na msomaji anaijua hadithi ya mwanamke aliyekuwa na madhambi, akamwona mbwa anazunguka kisima ulimi nje kwa kiu, akamtekea maji, akasamehewa. Tumeisikia mara nyingi kama hadithi ya huruma, nayo ni ya huruma. Lakini tazama alichotekea. Alivua kiatu chake mwenyewe, akakifunga kwa ushungi wake mwenyewe. Hakumwamuru mtu. Hakuchukua kata ya msafiri mwingine. Yule mbwa alikunywa kutoka katika kitu ambacho mwanamke yule alikuwa amekivaa dakika ile, na bila shaka miguu yake iliunguzwa na mchanga.

Asubuhi iliyofuata nilimwendea afisa mifugo. Akalishona sikio, kisha akanieleza, kwa subira ya mtu aliyeyasema mara nyingi, yale niliyopaswa kuyajua. Mbwa wawili hukutanishwa nje, mahali ambapo si pa mmoja wao, wakatembezwa sambamba kwa mbali hadi wazoeane harufu. Hula mbali kwa mbali, na wa nyumbani hutangulizwa. Mgeni hapewi malalo ya mwenyeji hata usiku mmoja. Mwenyeji akinguruma hapigwi, maana kunguruma ni neno, na ukimnyang'anya neno utamwachia meno tu. Nilimsikiliza nikifikiri kwamba kama tungezishika kanuni hizo kwa watu, nyumba nyingi zingesalimika.

Nikajenga kibanda cha makuti upande wa magharibi, kwa mikono yangu isiyojua kazi, nikamhamishia Kusi. Nikamtanguliza Watasema katika chakula. Na kila alfajiri, saa zile ambazo tangu ujana nimezitenga kwa tafsiri, nikamchukua Kusi kwa kamba hadi pwani, kwa njia ya mzunguko isiyopita penye msikiti. Alikuwa akiketi mchangani, uso kwa bahari, na kila mashua iliyoinua tanga aliitazama mpaka ikapotea. Nilikaa naye. Kitabu nilichokuwa nakifasiri kilichelewa miezi miwili. Nilikwenda pia kwa yule mzee wa alfajiri, nikamwomba radhi, akaniambia nilipaswa kuja siku ya kwanza. Kwa mke wangu sikuwa na hotuba. Nilichukua ndoo. Alinitazama, akaniacha niteke.

Fundi alirudi mwezi wa tatu ukielekea ukingoni, amekonda, lakini ana uhai wake. Kusi alimjua kwa hatua zake kabla hajafika kona. Nilimkabidhi amana yake ikiwa salama, naye akanishukuru kwa machozi, akasema hakuna karimu kama mimi katika mwambao wote wa kusini. Nikamsimulia yote. Alinisikiliza, kisha akaenda hadi kwenye mkorosho wa mpakani, akachutama mbali kidogo na Watasema, akakaa pale muda mrefu bila kusema neno.

Nilijaribu kutunga shairi juu ya jambo hili. Nimelichana mara tatu, na ubeti mmoja tu umebaki:

Ukarimu wa kugawa, cha mwenzio wa nyumbani,
Na yeye hakuambiwa, katolewa barazani,
Sifa ukamiminiwa, za watu wa mitaani,
Deni halijalipiwa, limebaki mizanini.

Msomaji atataka kujua kama Watasema alirudi mahali pake. Nililifagia gunia, nikaliosha, nikaweka jipya. Nikamwita. Alikuja, akanusa, akatikisa mkia kwa heshima, akarudi zake mpakani. Sikio lilipona, mbavu zikajaa, na usiku akabweka tena kama zamani. Aliishi masika mawili baada ya hapo, na hakulala tena chini ya baraza hata usiku mmoja. Tulimzika penye mkorosho ule. Upande wa mashariki wa baraza jua la asubuhi bado hufika, na huwa natoka kukaa pale peke yangu.